Kabla ya Kutaja Bei

Katika maduka ya kanga ya Mtaa wa Uhuru, upande wa Mnazi Mmoja, alikuwapo mzee mmoja ambaye sikuwahi kumsikia akimuuliza mteja, "Unataka ipi?" Swali lake lilikuwa moja tu: "Ya nani?" Mama aingie na haraka zake, jasho linamtiririka, mkono umeshaanza kunyoosheka kwenye rafu, mzee atamwamkia, atamsogezea stuli, kisha ndiyo aulize, "Ya nani, mama?" Ikiwa ni ya mkwe, ina rafu yake. Ikiwa ni ya mzazi aliyejifungua juzi, ina rafu nyingine. Ikiwa ni ya msibani, sauti yake ilishuka, na doti aliyoitoa ilikuwa imeandikwa Kazi ya Mola haina makosa. Bei haikutajwa mpaka hapo. Mtu akiitaka mapema, mzee aliitaja bila kinyongo, lakini aliitaja kama jambo ambalo zamu yake haijafika.

Nilikuwa nikikaa dukani kwake nikimsubiri shangazi yangu, aliyekuwa akinunua kwa jumla na kupeleka Morogoro. Siku moja aliingia mama wa makamo akachagua kanga nyekundu yenye mji wa maua makubwa, akaipenda, akafungua pochi. Mzee akauliza ya nani. Ya wifi yangu, akajibu, tulikosana, nakwenda kumwona. Mzee akaitandaza ile kanga juu ya meza, akaigeuza mpaka maandishi yakamwelekea mteja, akamsomea taratibu: Mtasema mchana usiku mtalala. Yule mama akashika mdomo. Pesa ilikuwa tayari mkononi, na duka zima asubuhi ile lilikuwa halijauza hata doti moja, lakini mzee akaikunja ile nyekundu akairudisha. Wakaanza upya. Walitafuta muda mrefu, wakasimama kwenye moja ya bei ndogo zaidi, Wema hauozi, ya bluu, isiyovutia macho kama ile ya kwanza. Mzee alipopokea ile noti aliigusisha kwenye robota la kanga zilizobaki, akashukuru kwa kufunguliwa biashara. Miezi kadhaa baadaye mama yule alirudi na kikundi kizima cha wenzake kutafuta sare ya harusi, na huyo wifi alikuwa miongoni mwao.

Tunamsifu seremala anayeunga mlango bila msumari, tunamsifu msusi wa mikeka na mchonga milango ya Zanzibar. Muuzaji hatumweki katika safu hiyo. Akiuza vizuri tunasema ana mdomo, asipouza tunasema hana bahati, kana kwamba hapo katikati hakuna kitu kinachojifunzwa. Mimi ninamweka. Ufundi wake uko kwenye sikio kuliko kwenye mdomo, na huchukua miaka kukomaa kama ufundi mwingine wowote.

Kanga yenyewe ni shahidi. Wazee wa pwani wanasimulia kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua leso zilizokuja zikiwa zimeungana kwenye jora, wanakata vipande vitatu vitatu, wanavishona pamoja, wanapata nguo moja pana ya kujifunga. Wenye maduka waliona. Hawakuwacheka wala hawakuwaambia leso ni ya kufutia jasho. Waliagiza nguo pana iliyokwisha kupigwa chapa, yenye pindo na mji, na biashara ikageuka. Maandishi yalifuata baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu kisha za Kirumi. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo kanga zake zimejulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, limeishi tangu miaka ya 1880 kwa kuwasikiliza wanawake waliosimama mbele ya meza yake: wanasema nini, wanapigana mafumbo gani, wanamtaka nani asome. Hakuna mchoraji aliyefungiwa chumbani angeyapata hayo. Yalipatikana kwa muuzaji mwenye macho na subira.

Mzee wetu alitoka Lindi akiwa kijana, akaingia kwa tajiri mmoja wa hapo hapo Uhuru. Kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kufagia, kubeba robota, kukata doti na kukunja. Kusema na mteja alikatazwa. Kukunja nako kulikuwa na shule yake: kanga ilikunjwa ili jina, yaani yale maandishi yake, libaki juu, pindo likae sawa na ukingo wa rafu, na mkono uweze kuichomoa moja bila kuziangusha tatu. Akikunja, anasikia. Alisikia jinsi tajiri anavyosema na mke wa mvuvi na jinsi anavyosema na mke wa karani, alisikia ni wakati gani mtu anayesema "ghali" anamaanisha hana, na wakati gani anamaanisha bado hajashawishika. Mteja wa kwanza aliyeruhusiwa kumhudumia alikuwa mtoto aliyetumwa dukani. Mtoto alisema tu, "Mama kasema kama ile ya siku ile." Kijana alitakiwa kuikumbuka. Akikosea, mtoto atarudishwa na kanga mkononi, na tajiri atajua.

Kisha ikaja mali kauli. Wasomaji wanaojua biashara hawahitaji kuelezwa uzito wake: tajiri anakukabidhi mzigo bila senti, bila karatasi, kwa neno lako peke yake, uuze, urudi, ulipe, faida iwe yako. Hapo ndipo kijana anapoanza kweli, na hapo ndipo wengi huishia. Mzee alipewa doti zake, akazitundika begani, akaingia Keko, Temeke, Buguruni, nyumba kwa nyumba, "Hodi jamani."

Habari za siku zile alizisimulia bila kujisifu, na ndizo ninazozikumbuka kuliko zote. Alikataliwa kutwa. Mmoja anasema sina hela, mwingine baba watoto hayupo, mwingine anaangalia zote, anazijaribu mbele ya kioo, anaita jirani aone, kisha anasema pita kesho. Jua la Aprili, mvua ya Aprili, mzigo umelowa begani. Kuna siku alirudi na doti zote alizotoka nazo, na kwa kijana anayekula kwa alichouza, siku hiyo ni ndefu. Nilimuuliza alivumiliaje. Alisema kosa la vijana ni kuichukua hapana ya mteja na kuingia nayo nyumba ya pili. Uso umeshakunjamana, hodi yako ina ugomvi, na mama wa nyumba ya pili anakataa huzuni yako kabla hajaiona kanga. Kwa hiyo yeye alijiwekea desturi: akikataliwa, anaaga vizuri, anauliza jina la mtoto anayecheza uani, anaondoka. Akipita wiki ijayo anamwita mtoto kwa jina. Mama aliyesema pita kesho alikuwa hasemi uongo siku zote, alikuwa hajapata tu. Muuzaji aliyeondoka kwa adabu ndiye mwenye haki ya kurudi.

Na kila hapana ilikuwa na habari ndani yake. Waliokataa kwa sababu kanga ni nyepesi, walimfundisha alete nzito. Waliokataa kwa sababu jina ni la matusi, walimfundisha mtaa ule una waswalihina wengi. Jioni aliandika yote hayo kwenye daftari, upande mmoja hesabu, upande wa pili watu: fulani anaoza binti baada ya Ramadhani, fulani anapenda kijani, fulani anadaiwa na amefiwa, asiguswe mpaka arobaini ipite. Deni nalo alilidai kwa namna yake. Hakusimama barazani kwa mtu akapaza sauti. Alikwenda, akajulia hali, akakaa, akanywa maji, akaaga. Alisema wengi walilipa kabla hajafika getini, kwa haya. Wachache hawakulipa. Hao aliwafidia kwa faida yake mwenyewe, kwa sababu mtaji wa tajiri hauliwi.

Ufundi huu uliwahi kukaribia kufa mbele ya macho yetu. Wenye umri wanakumbuka mwanzo wa miaka ya 1980, foleni za sukari na sabuni, maduka ya kaya, kanga ya kiwanda cha Urafiki ikipatikana kwa kujuana. Bidhaa ikiadimika, anayesimama nyuma ya meza hana haja ya kumjua anayesimama mbele yake. Anagawa. Kizazi kizima cha wauzaji wa madukani kilijifunza kusema "hakuna" bila kuinua macho. Na mchuuzi wa mguu alikuwa na shida yake: mwaka 1983, wakati wa kampeni ya Nguvu Kazi, mtu mwenye nguo begani na asiye na kitambulisho cha kazi alihesabiwa mzururaji. Kuanzia 1984, serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao, na zaidi alipoingia madarakani Mzee Mwinyi mwaka uliofuata, rafu zilijaa tena. Waliorudisha adabu ya kuuza hawakutoka vyuoni. Walikuwa vijana wa Lindi na Mtwara waliotembea na mali mikononi, wakawa wanalazimika kumshawishi mtu ambaye sasa ana pa kwenda. Mgambo waliwafukuza, wakarudi. Walinyang'anywa mzigo, wakaomba mali kauli upya, wakapewa, kwa kuwa neno lao lilikuwa bado zima. Sioni mahali popote ambapo taifa hili limewaandika hao kama mafundi, nami naona ni dhuluma.

Leo kijana anayeanza kazi ya mauzo haanzi na ufagio. Anavalishwa fulana ya kampuni, anapewa meza na mwavuli kando ya kituo cha daladala, au orodha ya namba za simu, na tageti ya mwezi. Mafunzo ni ya asubuhi moja. Anakaririshwa maneno ya kusema, hafundishwi cha kusikiliza. Mshahara ni kamisheni, asipofikisha lengo mara mbili tatu anaambiwa asije, na mwingine anavaa fulana ile ile. Wamekaa hivyo mbele yangu vijana wenye shahada, wananiuzia bima kwa kasi kama wanaokimbiza gari, na nilipouliza swali moja nje ya yale waliyokariri, macho yao yalijaa hofu. Sikuwalaumu. Hawajawahi kumwona mtu akiuza. Aliyewaajiri naye labda hajawahi.

Kariakoo, mawinga wanakupokea kuanzia kona ya Msimbazi. Wengine ni hodari na wana moyo wa kazi, nimewaona wakimtafutia mgeni wa mkoani bidhaa mpaka jua linazama. Lakini wengi wamefundishwa na njaa peke yake, wanakushika mkono, wanakuvuta, wanakuitikia kila unachotaja kuwa kipo. Na mitandaoni nako bei imekuwa siri. Unaona picha ya kanga, unauliza ni kiasi gani mbele ya watu, unajibiwa njoo DM. Mzee alichelewesha bei ili kwanza akujue wewe ni nani na unapeleka wapi. Hawa wanaificha bila kuuliza lolote, na mteja anabaki akijiuliza kama ya kwake itakuwa sawa na ya jirani.

Yapo mengi ya heri katika simu, siyakatai. Binti wa Tandahimba anaweza kumuuzia kitambaa mtu wa Muscat bila kupanda basi. Lakini ugumu wa mwanzo haukuondoka, umehamia tu mahali ambapo hakuna mkubwa wa kukaa nao. Aliyekataliwa kutwa zamani alirudi jioni dukani, akamkuta tajiri anahesabu, akaulizwa, "Imekuwaje leo?" Akasimulia, akaelekezwa, akala, kesho akatoka tena. Aliyeachwa bila majibu mtandaoni leo anarudi chumbani kwake Mbagala na simu ile ile iliyomkataa, anaitazama usiku kucha, na kesho anafuta akaunti anajaribu kubeti.

Mwezi uliopita nilikwenda Uhuru kutafuta kanga ya kumpelekea mkwe wangu. Mzee alikwisha kufariki, na duka lake sasa linauza makava ya simu. Duka la jirani, kijana mchangamfu alinionyesha picha kwenye simu, rangi nzuri, doti nyingi, kila moja anayo stoo. Maandishi hayakuonekana. Nikamuuliza hii imeandikwaje. Akakuza picha, akaisogeza huku na huku, akasema, "Yote ni mazuri tu, mama, wewe chagua rangi." Alisema kwa nia njema kabisa. Ana sauti, ana miguu, ana hamu ya kazi, na angeweza kuwa fundi mkubwa kuliko yule mzee. Alihitaji mwaka mmoja wa kukunja kanga karibu na mtu anayejua kuuza, na watu hao tumewaacha wafe na madaftari yao, wajukuu wakiwashia moto wa mkaa.