Kijana Asiyetulia: Mahangaiko ya Umri wa Mpito katika Kichwamaji na Rosa Mistika

Ikisiri

Kichwamaji (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, imezoeleka kusomwa kama kielelezo cha udhanaishi katika fasihi ya Kiswahili. Makala haya yanaonesha kwamba mahangaiko ya mhusika wake mkuu, Kazimoto, yana mzizi wa karibu zaidi, yaani pengo lililopo kati ya umri wa mtu na nafasi anayopewa na jamii yake. Kwa kuilinganisha riwaya hiyo na Rosa Mistika (1971), makala yanadai kwamba pengo hilo halisimuliwi kwa namna moja kwa wahusika wote. Mwanamume asiyejua aendako hupewa sauti ya kujiuliza. Mwanamke husemewa na wengine.

Utangulizi

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, na kuhitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Kati ya 1971 na 1975 alichapisha Rosa Mistika, Kichwamaji, diwani ya Kichomi na Dunia Uwanja wa Fujo. Kwa hesabu ya miaka, kazi hizo zilimfikia msomaji wakati mwandishi akiwa na umri wa kati ya miaka 27 na 31 hivi. Wasifu wa mwandishi hauthibitishi maana ya kazi yake. Hata hivyo, hesabu hiyo inakumbusha jambo ambalo uhakiki umelipitia haraka: riwaya hizi si nasaha za mzee kwa vijana. Zimeandikwa na mtu aliyekuwa bado katikati ya safari anayoisimulia.

Tofauti hii inaonekana wazi zikiwekwa kando ya maandishi ya Shaaban Robert kuhusu maisha yake mwenyewe. Kichwa cha Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini kinatangaza mahali anaposimama msimulizi, nako ni upande wa pili wa mto. Anayetazama nyuma kutoka huko anajua alikofika, kwa hiyo hata kupotea kwake huonekana kuwa sehemu ya njia. Kazimoto hana ng'ambo hiyo. Anasimulia katika nafsi ya kwanza, tukio baada ya tukio, bila kujua yanaelekea wapi. Swali la makala haya ni hili: mahangaiko yake yanatoka wapi, na ni nani katika riwaya hizi anayeruhusiwa kuhangaika?

Lugha ya kutulia

Kiswahili chenyewe kinatoa mwanga. Neno kijana halipimwi kwa miaka peke yake. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 inamweka kijana kati ya miaka 15 na 35, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kati ya miaka 18 na 35. Mwanafunzi wa sekondari na baba wa watoto watatu wanaingia katika neno moja. Katika matumizi ya kila siku mpaka huwa mwingine: asiye na mwenzi, kazi wala mji wake huweza kuendelea kuitwa kijana hata mvi zikianza kuchungulia, na aliyevipata mapema huhesabiwa kuwa mtu mzima.

Kitenzi kinachotaja kuvuka mpaka huo ni kutulia. Maji hutulia; mtu aliyeoa au kuolewa na kupata kazi naye husemwa ametulia. Kinyume chake ni vitenzi kama kutangatanga na kutapatapa, ambavyo umbo lao la kurudufu linachora mwendo unaojirudia bila kufika. Kwa mantiki hii, jina la riwaya linabeba uzito maradufu. Kichwamaji ni ugonjwa wa mtoto ambaye kichwa chake kimejaa maji, na pia ni jina la mtu asiyesikia la mkuu. Jina hilo linaunganisha maradhi ya mwili na hali ya mtu ambaye kilichomo kichwani mwake hakijatulia. Lugha tayari ina hukumu juu ya mtu wa namna hiyo, na riwaya inaipokea hukumu hiyo ili iihoji.

Benchi la ofisi

Riwaya inaanzia katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anasubiri kuonana na mkuu huyo ili aombe kazi ya muda. Mkuu mwenyewe ni Manase, waliyekua pamoja. Hapa hakuna bado mjadala wa kuwapo kwa Mungu wala wa maana ya kifo. Kuna watu wawili walioanza safari pamoja, na mlango unaowatenga. Mmoja ana mamlaka ya kumfanya mwingine angoje. Uchungu wa tukio hilo hautokani na umaskini pekee. Unatokana na kujipima kwa rika: Manase ni saa ambayo Kazimoto anasoma humo kuchelewa kwake.

Mpangilio huu una umuhimu kwa usomaji wa kidhanaishi. Haiwezekani kukana kwamba riwaya inajadili Mungu, hiari na kifo, wala kwamba mawazo hayo yana undugu na falsafa ya Ulaya ya karne ya 20. Hata hivyo, maswali hayo yanakuja baada ya benchi. Msomaji anayeyatanguliza anamfanya Kazimoto kuwa mwanafunzi aliyeambukizwa mawazo vitabuni. Anayefuata mpangilio wa riwaya anamwona mtu anayetafuta maneno makubwa ya kutosha kubeba fedheha aliyokwisha kuionja.

Fedheha hiyo ina historia. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na mamia yao wakarudishwa makwao. Mwaka 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, kisha ikafuata sera ya Elimu ya Kujitegemea. Taifa lilikuwa limekwisha mchorea msomi ramani: arudi kwa wananchi, awatumikie. Kazimoto anaporudi kisiwani anakuta ramani hiyo imekwisha ingia katika macho ya watu. Kwao yeye ni mtu aliyefika, ingawa mwenyewe haoni alikofika. Na kiongozi aliyepewa jukumu la kuonesha njia ndiye Manase, aliyempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Ramani imekabidhiwa kwa mtu asiyestahili kuishika. Ndiyo sababu kutojua aendako si udhaifu wa Kazimoto tu. Ni jibu lenye mantiki kwa kile anachokiona.

Riwaya haimnyimi Kazimoto tiba iliyozoeleka. Anamwoa Sabina, dada yake Manase, na wanapata mtoto. Kwa kipimo cha jamii, ametulia. Lakini mtoto anazaliwa na kichwa kikubwa kisicho cha kawaida, na haishi. Mwishowe Kazimoto anajiua. Hapa ndipo hoja ya riwaya inapofikia ukali wake. Ndoa na uzazi vimeutibu msamiati tu. Aliyekuwa akiitwa kijana sasa ataitwa baba, ilhali lililomtesa limebaki palepale na linatishia kurithiwa.

Anayesemewa

Kama kusoma huku ni sahihi, Rosa Mistika inazua swali zito zaidi. Rosa, binti wa Zakaria wa Ukerewe, analelewa chini ya ukali wa baba unaomfungia dunia yote nje. Anapoondoka nyumbani kwenda kusoma, anaikuta dunia hiyo bila kufundishwa kuipima. Anatafuta mwelekeo kwa njia pekee iliyo mikononi mwake, yaani mwili wake. Charles anapomkataa kwa sababu si bikira, Rosa anajiua.

Kazimoto na Rosa wanafikia mwisho mmoja, lakini hawaufikii kwa sarufi moja. Kazimoto anasema «mimi». Kupotea kwake kunapewa hadhi ya swali la kifalsafa. Rosa ni «yeye». Msimulizi anamwonea huruma na kumlaumu baba yake, hata anamfikishia kesi yake mbele ya Mungu, lakini anamtetea kwa kumsemea. Kuhangaika kwake kunahesabiwa kwa idadi ya wanaume. Kwa Kazimoto hakuna hesabu ya namna hiyo. Hata ndani ya Kichwamaji, Rukia anabeba mimba, fedheha na kifo, kisha maafa yake yanageuka kuwa chanzo cha tafakuri ya kaka yake. Uhakiki unaomweka Kazimoto peke yake katikati ya udhanaishi wa Kiswahili unarudia mgawanyo huo bila kuuona.

Kwamba mgawanyo huo si sheria ya riwaya ya Kiswahili kunadhihirika katika Vuta n'kuvute (1999) ya Shafi Adam Shafi. Yasmin, aliyeozwa akiwa msichana kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali, anaondoka, anahamia kwa Mwajuma, anakosea, anaanza upya, na anaishi. Naye anasimuliwa kwa «yeye», kwa hiyo nafsi ya usimulizi peke yake haimwui mhusika. Kinachomwokoa Yasmin ni mlango wa Mwajuma: mahali ambapo asiyetulia hupokewa kabla hajaulizwa ameharibu nini. Rosa hakuupata mlango wa namna hiyo. Kazimoto aliupata mwingine, wa ofisi, na kando yake benchi.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuyarudisha mahangaiko ya Kazimoto katika ardhi yalikoota: lugha inayompima mtu kwa kutulia, taifa lililomchorea msomi njia, na rika linalogeuka kipimo cha kuchelewa. Udhanaishi ni jina moja la hali hiyo, wala si chanzo chake. Kezilahabi alirudi kwa msafiri asiye na ramani katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), akaivunja hata njia iliyonyooka ya usimulizi. Mabadiliko hayo ya umbo yanastahili kusomwa kama mwendelezo wa kazi aliyoianza kabla ya kufikisha miaka 35: kukataa kumpa kijana jibu ambalo mwandishi mwenyewe hakuliamini. Deni linalobaki ni la wahakiki, nalo ni kumsoma Rosa kwa uzito uleule wa fikra aliopewa Kazimoto, ingawa yeye hakupewa nafasi ya kusema «mimi».