Onja cha Jana: Vitamu na Mapambo ya Harusi Kilwa

Ukienda kwa mpishi wa vitamu hapa Kilwa Masoko, atakuonjesha kilichotoka jikoni sasa hivi. Onja, shukuru, kisha muombe cha jana. Sinia linaloandaliwa alfajiri huenda likawafikia wageni baada ya alasiri, na joto na unyevu wa bahari havimsubiri mtu. Kitamu kisichostahimili saa hizo hakifai harusini.

Halua ni wanga, sukari, samli na iliki, husongwa kwa mwiko motoni mpaka mkono uchoke. Vuta kipande kwa vidole. Iliyoiva huvutika kidogo kisha hukatika, inang'aa, haigandi mkononi. Ukihisi unga ulimini, wanga ni mbichi bado. Samli iing'arishe tu, isifanye dimbwi sahanini.

Visheti, vunja kimoja karibu na sikio. Kizuri hulia, na shira imeganda juu yake nyeupe na kavu. Vikigandana sinia zima, shira iliepuliwa kabla haijashika.

Mkate wa kumimina ukate katikati. Matundu yawe madogo na yalingane toka chini hadi juu. Chini pakiwa pamekaza na pamelowa, haukuumuka vizuri. Kisha unuse: tui huchacha upesi, kwa hiyo mkate wa jana unaonukia iliki na nazi bila uchachu umetoka kwa mtu makini.

Kashata za korosho au ufuta zisikose, maana ndiyo mazao ya Lindi yetu. Tafuna taratibu; ufuta wa zamani huacha uchungu kooni.

Kaimati pekee hazina cha jana. Zikikaa hulainika. Ukizitaka, zikaangwe palepale shughulini, wageni wakiwa wameshaketi.

Mapambo nayo yana kipimo hichohicho. Asumini ichumwe jioni ikiwa bado matumba yaliyofumba, ifunguke usiku yenyewe. Iliyochanuka tangu asubuhi itanyauka kabla bibi harusi hajaingia. Changanya na rehani, harufu ikae. Kawa za kufunikia masinia zigeuze uangalie ndani: mshono wa ukili uwe umebana, mwanga usipenye. Sugua rangi kwa kitambaa chenye maji. Ikitoka, itatoka pia kwenye kitambaa cheupe cha meza. Meza isijazwe mpaka sahani zikose pa kukaa, na udi ufukizwe kabla ya chakula, mbali na halua, kwa sababu samli hunyonya moshi.

Mwisho, mtazame mpishi unapomuomba cha jana. Akikifunua bila kusita, mpe kazi na umlipe anachostahili.