Nyumba ya Sisimizi

Banda la kuku lina wakosoaji wake. Kuku akipunguza mayai, mwenye banda hujiuliza kama paa linavuja. Mzinga wa nyuki hali kadhalika: nyuki wasiporidhika huhama, na mwenye mzinga hukosa asali. Lakini nyumba ya sisimizi haina mkosoaji, kwa sababu mdudu huyu hatagi yai la kuliwa wala hatoi asali, na akifa hufa kimya. Ndiyo maana, sasa ambapo maelfu ya watu huko Ulaya, Marekani na Asia wanafuga sisimizi kama wengine wanavyofuga kasuku, na mafundi wanawauzia majumba ya akriliki yenye vyumba, ngazi na uwanja wa kulia, naona si vibaya majumba hayo yakatahakikiwa kama tunavyotahakiki vitabu.

Kwanza tumjue mpangaji. Koloni changa ya sisimizi ni malkia mmoja tu, basi. Kwetu hutoka baada ya mvua. Uingereza na nchi jirani zake, yule sisimizi mweusi wa bustanini hutoka siku za joto za Julai na Agosti. Hupandana angani, hutua, huyaondoa mabawa yake mwenyewe, kisha huchimba tundu na kujifungia humo. Katika jamii nyingi malkia hali kitu chochote mpaka watoto wa kwanza wakue. Ile misuli iliyokuwa ikiyaendesha mabawa huyeyuka mwilini mwake na kuwa chakula cha mabuu. Wafanyakazi wa kwanza huwa wadogo kuliko wote watakaofuata, kwa kuwa wamelelewa kwa akiba ya mama mmoja aliyefunga wiki nyingi. Katika muda huo hana msaidizi wala mrithi. Akifa yeye, hakuna koloni. Anachohitaji ni giza, unyevu, nafasi finyu na kutosumbuliwa. Ndugu msomaji, mahitaji hayo manne ndiyo kipimo changu, na nyumba nyingi zinazouzwa kwa bei kubwa haziyatimizi hata mawili.

Wazee wa fani hii walielewa zaidi. Sir John Lubbock, mwenye benki na mbunge wa Uingereza, yule aliyesimamia sheria ya siku za mapumziko ya mabenki ya mwaka 1871, aliweka sisimizi wake kati ya vipande viwili vya kioo vyenye tabaka jembamba la udongo, akazungushia maji ili wasitoroke. Kitabu chake kuhusu sisimizi, nyuki na nyigu kilitoka mwaka 1882. Malkia wake mmoja aliishi karibu miaka 15, na hiyo ni sifa tosha ya nyumba. Lubbock alijua pia kwamba sisimizi huchukia mwanga ndani ya kiota. Aliwapima kwa vioo vya rangi mbalimbali, akatazama wanakimbilia wapi na watoto wao. Kwa maneno mengine, alimwuliza mpangaji.

Mfaransa Charles Janet, mhandisi, alikwenda mbele zaidi mnamo miaka ya 1890. Alitengeneza kiota cha plasta chenye vyumba vilivyofuatana, upande mmoja akaweka kihifadhi maji. Plasta hunyonya maji polepole, kwa hiyo chumba cha kwanza huwa na unyevu mwingi, cha pili kidogo, cha mwisho huwa kikavu. Sisimizi wenyewe huhamisha mayai na mabuu kwenda panapofaa. Nakiona kiota hiki kuwa kazi bora kuliko zote katika historia ya jambo hili, kwa sababu mjenzi amekubali kwamba hajui, akamwachia mdudu uchaguzi. Vitabu vingi vya ualimu havijafika hapo.

Kisha likaja sanduku la mchanga. Mwaka 1956 Mmarekani Milton Levine alianza kuuza vipande viwili vya plastiki vyenye mchanga katikati na picha ya shamba dogo juu yake, yameuzwa mamilioni. Mnunuzi hupelekewa sisimizi kwa posta, lakini wafanyakazi watupu, bila malkia, maana sheria za Marekani zinabana usafirishaji wa malkia kutoka jimbo moja hadi jingine. Sibezi furaha ya mtoto anayetazama mahandaki yakichimbwa. Hata hivyo hicho ni kijiji cha wazee peke yao: hakuna yai, hakuna buu, na baada ya miezi michache hakuna mtu. Mtoto amejifunza kuchimba, hajajifunza koloni. Baya zaidi, sanduku hilo limewafundisha watu kuamini kwamba nyumba ya sisimizi ni mchanga nyuma ya kioo, hata anayempata malkia wa kweli humtumbukiza humo. Mchanga hukauka, hubomoka, naye hupotea katika uwanja mkubwa asioweza kuulinda.

Sasa tuje kwenye nyumba ya rahisi kuliko zote. Wafugaji wenyewe, baada ya kupoteza fedha nyingi, wamerudi kwenye neli ya kioo ya maabara, ile iliyozibwa upande mmoja. Jaza maji hadi theluthi moja. Sukuma pamba hadi ikutane na maji, ikaze kiasi cha kulowa bila kuvuja. Mwingize malkia, ziba mdomo kwa pamba nyingine kavu ili hewa ipite, laza neli, ifunike kwa karatasi nzito au iweke ndani ya droo. Kisha ondoka. Mara moja kwa wiki yatosha kuchungulia, na usimpe chakula. Kikioza kitaleta ukungu. Wafanyakazi wa kwanza wakitoka, tone la asali au maji ya sukari, na mguu wa panzi, ni karamu. Wale jamii ya wavuna mbegu wapewe mbegu za nyasi.

Ubora wa neli uko katika yale isiyoyaonyesha. Haina mandhari wala mahandaki. Humnyima mtazamaji karibu kila kitu, na kwa kumnyima huko humwokoa malkia. Kasoro yake ni maji, ambayo hufika siku yakaisha au pamba ikaota kuvu. Dawa ni kuilaza neli ya pili mpya mdomo kwa mdomo na ile ya zamani, wahame wenyewe. Watakapofika ishirini, thelathini, ndipo uwaze kiota cha plasta. Finyanga vyumba kwa udongo ndani ya kisahani, mimina plasta, ikishaganda toa udongo, funika kwa kioo. Vyumba viwe vichache na vidogo. Ukiwapa jumba, vyumba visivyotumika watavifanya jaa.

Siyo sisimizi wote wanaofaa. Majimoto hujenga kwa majani mabichi juu ya miti. Siafu hata asifikiriwe: malkia wake hana mabawa kamwe, wala haanzi koloni peke yake; koloni kubwa hugawanyika mara mbili.

Hapa ningeishia kwa sifa, kama si habari ya Kenya. Mwezi Aprili 2025 vijana wawili raia wa Ubelgiji walikamatwa huko wakiwa na malkia wapatao 5,000, na watu wengine wawili walikamatwa katika kesi tofauti wakiwa na mamia. Wengi wao walikuwa wa aina ya Messor cephalotes, sisimizi wakubwa wavunao mbegu. Mei mwaka huohuo mahakama iliwatoza wote wanne faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Na malkia hao walikuwa wamefungwa ndani ya nini? Ndani ya neli, zenye pamba. Nyumba ile ile ninayoisifu, iliyoundwa ili malkia aishi wiki nyingi bila kuguswa, ndiyo inayomfanya asafirishike kwa siri. Wepesi wake na bei yake ndogo vimemfaa mwanafunzi na vimemfaa mlanguzi vilevile.

Siilaumu neli. Nawalaumu walimu wa ufugaji huu wanaoeleza kwa makini pamba ikazwe vipi, lakini hawasemi neno juu ya malkia alikotoka. Sisimizi wavuna mbegu husambaza mbegu katika mbuga na kuuchimbua udongo; malkia aliyechukuliwa kabla hajachimba ni koloni ambayo haitakuwapo mahali pale. Na akifika Ulaya akitoroka, hakuna ajuaye atafanya nini huko. Somo la nyumba bila somo la mwenye nyumba ni nusu ya somo, na nusu hiyo imekwisha kuwafikisha watu mahakamani.

Mwalimu wa kwetu anayetafuta zana ya kufaragua kwa gharama ndogo asiogope kwa sababu ya kesi hiyo. Sheria iulizwe kwanza katika ofisi ya maliasili iliyo karibu. Ikiruhusu, malkia mmoja aokotwe uani baada ya mvua, si kumi, na mahali alipookotwa paandikwe kwenye karatasi inayofunika neli. Darasa litazame mayai yakiwa mabuu, mabuu yakiwa pupa, pupa wakiwa wafanyakazi. Muhula ukiisha, jioni baada ya mvua wakati ardhi ni laini, neli ipelekwe palepale palipoandikwa, pamba ichomolewe, na mdomo wake uelekezwe kwenye ufa wa kivulini.