Kikorea kwa Makhraji: Mwanafunzi wa Makangale Aanzie Wapi

Kikorea huogopwa kwa hesabu. Foreign Service Institute, chuo kinachowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani, hukadiria kwamba mzawa wa Kiingereza anahitaji saa 2,200 za darasani ili akimudu Kikorea, na saa 900 ili akimudu Kiswahili. Makadirio hayo yamewakatisha tamaa watu wengi ambao hayakuandikwa kwa ajili yao. Kijana wa Makangale, kaskazini-magharibi mwa Pemba, ng'ambo ya msitu wa Ngezi, haanzii pale anapoanzia Mmarekani. Ana mtaji wa aina mbili: alichokipata kwa maalim katika chuo cha Kurani, na Kiswahili chenyewe. Akijifunza Kikorea kupitia vitabu vya Kiingereza bila kuvigusa vyote viwili, anajiongezea kazi bure.

Kwanza, herufi. Mfalme Sejong alikamilisha alfabeti ya Hangul mwaka 1443, akaitangaza mwaka 1446, ili raia wasioyajua maandishi ya Kichina nao waweze kuandika. Kitabu kilichoeleza jinsi ilivyobuniwa kilipatikana tena mwaka 1940, na humo imeelezwa wazi kwamba konsonanti za msingi ni michoro ya makhraji, yaani mahali sauti zinapotokea kinywani. Herufi ㄱ ni shina la ulimi lililonyanyuka kuziba koo. ㄴ ni ncha ya ulimi iliyogusa juu. ㅁ ni kinywa, ㅅ ni jino, ㅇ ni koo. Sauti ikizidi nguvu, herufi huongezwa mstari: ㄱ huwa ㅋ, na ㄴ huwa ㄷ, kisha ㅌ.

Aliyesoma tajwidi, yaani kanuni za kusoma Kurani, ameshazoea kuulizwa herufi inatoka wapi: kooni, kwenye ulimi, au midomoni. Basi aisome Hangul kwa swali lilelile. Atamke sauti, ausikilize ulimi wake, kisha aiangalie herufi. Leo herufi za msingi ni 24, na kwa njia hii siku chache zinatosha kuzitambua. Kinachochelewesha ni kung'ang'ania Kikorea kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini. Humo irabu moja tu huandikwa "eo", nyingine "eu", na msomaji wa Kiswahili huzitamka mbilimbili kama alivyozoea. Tahajia hiyo iachwe mapema.

Pili, pumzi. Kikorea kina sauti tatu pale ambapo masikio ya wengi husikia moja: bul ni moto, pul ni majani, ppul ni pembe. Kiswahili cha pwani, hasa vinywani mwa wazee, hutofautisha paa la nyumba, lisilo na pumzi, na paa mnyama, anayetamkwa kwa pumzi; vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Paa mnyama anakupeleka kwenye pul. Paa la nyumba linakukaribisha kwenye ppul, ukikaza koo kidogo. Kazi mpya ni bul: midomo ilegee, pumzi iwe ndogo, na sauti ianzie chini. Mwanafunzi aweke nguvu zake hapo. Kijana ambaye haisikii tena tofauti ya paa na paa amwombe bibi yake ayatamke.

Tatu, mwisho wa silabi. Silabi za Kiswahili hupenda kuishia na irabu, kwa hiyo bap, yaani wali, hugeuka "bapu". Hapa sukuni ya chuoni inasaidia, kwa kuwa mwanafunzi ameshazoea kuifunga herufi bila irabu. Lakini pana mtego: kalkala. Katika tajwidi, ba yenye sukuni hudundishwa, ilhali Kikorea kinataka midomo ifungwe na ibaki imefungwa. Sheria za kukutana kwa herufi nazo zinafanana mno. Nuni sakina ikikutana na lamu, huingizwa ndani yake kwa idghamu. Ufalme wa kale ulioandikwa "Sin-ra" nao husomwa Silla: n imemezwa, na l zimekuwa mbili. "Hapnida" husomwa hamnida, kwa sababu p imeburutwa puani na n inayofuata. Anayejua kwamba maandishi hubaki vilevile huku usomaji ukibadilika hatashangazwa na hayo.

Nne, kitenzi. Hapa ndipo Kiswahili kinapolipa zaidi. Meokda ni kula, meogida ni kulisha, meokhida ni kuliwa: mzizi mmoja, viambishi tofauti. Tofauti kubwa ni mpangilio. Sisi hujaza viambishi vingi mbele ya mzizi. Mkorea huvifuatanisha nyuma, na kitenzi hufunga sentensi. "Juma anakula samaki" huwa Juma-ga saengseon-eul meogeoyo: Juma mtenda, samaki mtendwa, kisha kula. Kwa hiyo zoezi la kila siku liwe kuvunja kitenzi vipandevipande, kama tulivyofanya shuleni kwa "hatutawalisha". Gasyeosseoyo ni ga (kwenda), si (heshima), eoss (wakati uliopita) na eoyo (kimalizio cha adabu).

Hiyo "si" ya heshima haihitaji maelezo marefu Pemba. Anayejua kwamba mkubwa hupewa shikamoo kabla ya neno jingine lolote tayari anapima umri na nafasi ya mtu anapofungua mdomo. Jambo jipya ni kwamba Kikorea huiingiza heshima hiyo ndani ya kitenzi.

Lengo la kwanza liwe TOPIK I, mtihani wa Kikorea wa ngazi ya mwanzo: maswali 30 ya kusikiliza na 40 ya kusoma, alama 200, na hauna insha. Alama 80 hukupa daraja la kwanza, 140 la pili. Sizoni za Kikorea kama Jumong zitalizoeza sikio, mradi ziangaliwe kwa sauti yake ya asili.

Hankuk University of Foreign Studies ya Seoul imekuwa ikifundisha Kiswahili tangu miaka ya 1980. Wakorea walijitengenezea njia ya kuja kwetu kwa lugha yao. Nasi tunahitaji kitabu cha Kikorea kilichoandikwa kwa Kiswahili, kinachoanza na makhraji na kuendelea na viambishi, kiandikwe na walimu wanaovijua vyote viwili. Walimu hao Pemba wapo.