Kupima Vilele Viwili vya Muziki wa Dansi Morogoro: Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe

Mji wa Morogoro, uliokaa chini ya milima ya Uluguru na kufikiwa na reli ya kati mwaka 1907, ulilea wanamuziki wawili ambao wapenzi wa dansi hawajaacha kuwapambanisha: Salum Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1928 na kuongoza bendi ya Cuban Marimba, na Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, aliyezaliwa mwaka 1944 na kung'ara katika Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973. Salum alipofariki mwaka 1965, Mbaraka alikuwa kijana wa miaka 21 anayeanza kujulikana, na kwa hiyo, ingawa mji ulikuwa mmoja, vilele vyao havikukutana. Kilele hapa ni kile kipindi ambacho uwezo wa msanii, uzoefu wake na nafasi anayopewa na wakati wake huwa vimefikia upeo kwa pamoja; kwa Salum ni takribani muongo wa 1955 hadi 1965, na kwa Mbaraka ni tangu mwisho wa miaka ya 1960 hadi kifo chake.

Ugumu wa kulinganisha watu wa namna hii unafahamika vizuri zaidi michezoni. Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja wa mpira wa kikapu mwaka 1962, wakati ambapo ligi ya NBA haikuwa na mstari wa pointi tatu, ambao uliingizwa msimu wa 1979/80; anayemweka Chamberlain kando ya Stephen Curry, aliyejenga jina lake nyuma ya mstari huo, hana budi kwanza kuuliza kila mmoja alicheza kwa kanuni zipi. Katika dansi nafasi ya mstari huo ilishikwa na mitambo ya kurekodia, na msikilizaji asiyelijua hilo huishia kuhukumu mitambo akidhani anahukumu wanamuziki.

Salum alirekodi katika zama za santuri, yaani sahani za muziki, ambazo upande mmoja ulibeba wimbo wa dakika tatu hivi, na nyingi za nyimbo zake zilitolewa na kampuni ya Mzuri ya Mombasa. Ndani ya dakika hizo ilibidi ziingie utangulizi wa magitaa, beti, kiitikio, yaani sehemu inayorudiwa na waimbaji kwa pamoja, na kipande cha ala pasipo maneno. Mbaraka alikuta mambo mengine: studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam iliyorekodi kwa kanda, na kampuni za Nairobi zilizokuwa tayari kuugawa wimbo mmoja mrefu katika pande mbili za santuri, sehemu ya kwanza na ya pili, ili sehemu ya pili iachiwe gitaa litambe. Kumsifu Mbaraka kwa urefu wa vipande vyake vya gitaa na kumlaumu Salum kwa kukosa urefu huo ni kosa la wazi, na ndilo kosa linalofanywa mara nyingi kuliko yote.

Baada ya mitambo, msikilizaji makini hutazama chemchemi. Santuri za Kikuba za mfululizo wa G.V., zilizoenea Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930, ndizo zilizokuwa chuo cha kizazi cha Salum, na jina lenyewe la Cuban Marimba halifichi deni hilo. Lakini deni si uigaji: anayesikiliza kwa utulivu atagundua kwamba mapigo ni ya Kikuba ilhali sauti na mpangilio wa maneno ni wa Kiswahili cha pwani na bara yake, na kwamba Salum aliimba kama mtu anayezungumza na jirani, pasipo kukaza koo. "Shemeji Shemeji", unaochekesha kwa maneno ya mtu na shemeji yake, ni kipimo kizuri cha ufundi huu, kwa sababu kichekesho chake hakitokani na neno moja bali na jinsi mwimbaji anavyochelewa kidogo nyuma ya mapigo. Mbaraka naye alipokea rumba ikiwa imekwisha kupita Kongo, ambako gitaa la solo, yaani lile linaloongoza kwa nyuzi za juu, lilikuwa limechukua cheo ambacho hapo awali kilikuwa cha mwimbaji. Mchango wake ulikuwa kulirudisha gitaa hilo kwenye maneno, akapiga na kuimba yeye mwenyewe, hata solo ikawa kama inamjibu mwimbaji badala ya kumsubiri amalize.

Katika kupima gitaa, wepesi wa vidole ni kigezo dhaifu, kwa kuwa wapigaji wepesi hawakuwahi kuadimika. Linalofaa kusikilizwa ni mahali solo inapoingia, jinsi inavyoliachia nafasi gitaa la ridhimu, yaani lile linaloshika mapigo na kujaza katikati, na kama kishazi kinachorudiwa kinabadilika kidogo kila kinaporudi au kinabaki vile vile. Kwa kigezo hiki Mbaraka wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 hana mpinzani mjini kwake, na wa kumshinda nchini ni vigumu kumtaja. Bendi iliyomzunguka wakati huo ilikwisha kukomaa, na safari yake ya Japani kwenye maonyesho ya Expo 70 ya Osaka, ambayo aliitungia wimbo, ilitokea wakati mwafaka kabisa.

Utunzi wa maneno unahitaji mizani nyingine. Mbaraka aliandika kwa upana: maombolezo ya Dkt. Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa siku ya Krismasi mwaka 1971, yana uzito wa tukio la taifa, na "Shida", wa siku za Super Volcano, umedumu kwa sababu unaeleza dhiki ya kawaida bila kujihurumia kupita kiasi. Hata hivyo, katika baadhi ya nyimbo zake ndefu maneno hurudiwa mpaka yakalegea, huku gitaa likiyafichia udhaifu huo. Salum, aliyebanwa na dakika zake tatu, hakuwa na pa kujificha, na kwa hiyo beti zake zimechujwa zaidi.

Tahadhari mbili zinabaki. Ya kwanza ni kwamba santuri kuukuu zikihamishwa kwa kasi isiyo sahihi hupandisha au kushusha sauti, hivyo haifai kuhukumu koo la Salum kwa nakala moja; mkusanyo wa *Ngoma Iko Huku*, uliotolewa na Dizim, ni mahali salama pa kuanzia, ila mkusanyo huonyesha nyimbo bora tu, na mlinganisho wa haki huhitaji pia zile za kawaida. Ya pili ni kwamba wote wawili walikufa kwa ajali za barabarani, Salum mwaka 1965 na Mbaraka huko Mombasa Januari 1979 akiwa na miaka 34, na kwa sababu hiyo hakuna aliyewasikia wakishuka. Mchezaji wa kikapu hukumbukwa pamoja na misimu yake ya mwisho ya kuchechemea. Hawa wawili husamehewa uzee ambao hawakuufikia, na mhakiki anapaswa kuzipunguza sifa zao kwa kiasi hicho. Uhai wa bendi baada ya kifo pia usiingizwe katika hesabu: Cuban Marimba iliendelea chini ya Juma Kilaza, lakini hiyo ni sifa ya Kilaza.

Kwa vigezo hivi, wimbo mmoja bora wa Salum Abdallah unaushinda wimbo mmoja bora wa Mbaraka kwa ukamilifu wa umbo, lakini mwanamuziki akipimwa mzima, kwa gitaa, sauti, utunzi na uongozi wa jukwaa kwa pamoja, Mbaraka Mwinshehe wa kati ya mwaka 1970 na 1973 ndiye aliyesimama juu zaidi katika historia ya dansi ya Morogoro.