Pongezi kwa Wafyatua Tofali
Nyumba nyingi za Dar es Salaam zilianzia kando ya barabara, kwenye viwanja vya kufyatulia tofali, na bado hatujawashukuru ipasavyo vijana wanaofanya kazi pale. Mchanga na saruji hugeuzwa kwa koleo vikiwa vikavu, mara mbili tatu, ndipo maji yanapoingia. Fundi mzoefu huchota mchanganyiko kiganjani na kuufinya: ukishikamana bila kuchuruza maji, uko tayari kushindiliwa. Tofali mbichi ya inchi 6 hubebwa juu ya kibao chake, taratibu kama mtoto mchanga.

Heshima yangu kubwa, hata hivyo, ni kwa anayemwagilia. Saruji haikauki tu. Hushikana kwa msaada wa maji, na ikinyimwa mapema, tofali hubaki dhaifu na kumeguka pembeni. Ndiyo maana mfyatuaji mwaminifu hufunika tofali zake na kuzimwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7 au zaidi, kazi ambayo mteja haioni. Wapo wateja wanaoleta gari siku ya pili, pesa mkononi. Anayethubutu kuwaambia warudi wiki ijayo namvulia kofia.