Pongezi kwa Wapogoaji wa Franschhoek

Julai, huko Franschhoek, Afrika Kusini, baridi ya Rasi huteremka milimani pamoja na mvua. Mgeni wa wikendi huketi karibu na moto, supu mezani, mkononi glasi ya Pinotage, divai itokanayo na aina ya zabibu iliyozalishwa Stellenbosch mwaka 1925. Raha iliyoje! Lakini nje, kati ya mizabibu iliyopukutika majani, kuna watu wenye mikasi. Hao ndio ninaowavulia kofia. Kila tawi hulikagua kwanza, kisha hukata, wakibakiza kijiti kifupi chenye macho mawili tu ya kuchipua. Humo ndimo yanamolala mavuno ya Februari. Vidole vimekufa ganzi, jicho halikosei. Hongereni, mafundi! Hata matawi yaliyokatwa hayapotei: yakikauka, huwa kuni za kuchomea nyama.